Mvinyo Usio wa Kuuza

Kitabu cha Periplus, kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza, kinaitaja pwani yetu kwa jina la Azania. Wapo wanaodhani kisiwa cha Menouthias kinachotajwa humo ni Unguja. Nikikisoma kwa ajili ya shahada ya uzamili, nilikwama penye orodha ya bidhaa: wafanyabiashara wa Muza, Yemen, walileta mikuki, mashoka, visu na vitu vya kioo. Baadhi ya mahali walileta pia mvinyo kidogo na ngano, si kwa biashara, bali kuwavuta wenyeji. Sisi tungeiita takrima. Wakaondoka na pembe za ndovu na magamba ya kasa.

Leo mvinyo Mji Mkongwe unauzwa, tena ghali. Mimi sinywi, lakini orodha za hoteli za Shangani nazisoma kama nyaraka. Mwekundu unaosifiwa kwa ukongwe wa mizabibu yake hutoka Afrika Kusini. Dodoma siioni, ingawa wamisionari wa Kiitalia walipanda mizabibu Bihawana tangu miaka ya 1950. Huko hakuna majira ya baridi ya kuulaza mzabibu, kwa hiyo huvunwa mara mbili kwa mwaka. Wenye miaka 30 unaweza kuwa umezaa karibu mara 60. Basi ukongwe tuuhesabu kwa miaka au kwa mavuno?

Mhudumu mmoja aliniambia wageni hawauulizi mvinyo wa Dodoma. Watauulizaje, na kwenye orodha haumo?