Masikio Yaliyochoka: Habari za Vita na Watu wa Kenya, 1939–1945

Wazee wetu waheshimiwa, na ninyi wanachama wote wa Chama,

Hesabu za fedha mmekwisha kuzisoma katika kurasa zilizotangulia, pamoja na taarifa ya misiba na ya karo za watoto. Kwa desturi ya kijitabu hiki, kurasa za mwisho twaziweka kwa mambo ya kale, ili vijana wapate kujua na wazee wapate kutusahihisha. Mwaka huu twaandika juu ya jambo ambalo vitabu vya shule hulipita haraka, nalo ni jinsi watu wa kawaida wa nchi hii walivyochoka na habari za Vita Vikuu vya Pili, na sababu zilizowachosha.

Tumelichagua jambo hili kwa kuwa katika mikutano yetu tumesikia mara nyingi ikisemwa, "Habari sisikilizi tena; wote ni waongo." Asemaye hivyo si mpumbavu. Lakini si wa kwanza kusema hivyo katika nchi hii, na yafaa tujue yaliyowapata waliomtangulia.

1. Deni la vita vya kwanza

Hapana mtu awezaye kuelewa uchovu wa mwaka 1943 bila kuanza na vita vya 1914 hadi 1918. Katika vita vile Waafrika wengi hawakushika bunduki, bali mizigo. Walichukuliwa kwa makundi makubwa kuwa wapagazi wa jeshi, wakaenda kwa miguu mpaka ndani ya nchi ya Wadachi, ambayo leo ni Tanzania. Makumi ya maelfu hawakurudi, na wengi katika hao hawakuuawa na risasi, bali na kuhara, homa na njaa. Jina la jeshi lao la wapagazi limebaki katika mtaa wa Kariokor, Nairobi, na katika Kariakoo ya Dar es Salaam.

Waliorudi walingoja shukrani. Mwaka 1919 Serikali ilitangaza mpango wa kuwapa mashamba askari waliopigana, lakini mashamba yale yalikuwa ya askari Wazungu. Hata sehemu ya ardhi ya Wanandi, ambao vijana wao walikuwa wamepigana katika K.A.R., ilikatwa kwa kazi hiyo. Kisha kipande kikavikwa shingoni. Mwaka 1921 waajiri wakapunguza ujira. Machi 1922, watu walipokusanyika Nairobi kudai Harry Thuku afunguliwe, walipigwa risasi mbele ya kituo cha polisi.

Basi vita vya pili vilipotangazwa tarehe 3 Septemba 1939, mtu wa miaka arobaini alikuwa na kumbukumbu yake tayari. Aliisikia ahadi mpya kama mtu aliyewahi kuuziwa ng'ombe tasa.

2. Mwanzo watu walisikiliza

Hata hivyo tusiseme kwamba watu walikataa habari tangu siku ya kwanza. La, walizitafuta. Mwaka ule ule wa 1939 gazeti la Baraza lilianza kutolewa kwa Kiswahili na wenye gazeti la East African Standard, na mhariri wake alikuwa Francis Khamisi. Serikali nayo ilianzisha ofisi ya habari, ikatuma magari ya sinema vijijini, na matangazo kwa lugha za Waafrika yakaanza kusikika katika simu ya upepo, ndiyo redio. Wenye kusoma walikuwa wachache, wenye redio wachache zaidi. Kwa hiyo gazeti moja lilisomwa kwa sauti mbele ya watu wengi.

Tena vita vilikuwa karibu. Waitaliani walipoingia vitani Juni 1940, walikuwa wanatawala Uhabeshi na sehemu ya nchi ya Wasomali, mpakani mwetu. Mwezi wa Julai waliitwaa Moyale. Oktoba ndege zao zilitupa mabomu Malindi. Mwaka 1941 majeshi yaliyotoka Kenya, pamoja na vijana wetu wa K.A.R., yaliingia Kismayu na Mogadishu mwezi wa Februari, na Addis Ababa tarehe 6 Aprili. Habari hizo zilisikilizwa kwa furaha, kwa maana kila mtu aliweza kuinyosha mkono njia waliyoishika watoto wake.

3. Mambo yaliyowachosha

Mmoja wa wazee wa Chama chetu, ambaye sasa ni marehemu, alitusimulia kwamba alikuwa mwanafunzi wa darasa la nne wakati ule, na kazi yake kila juma ilikuwa kuwasomea watu gazeti chini ya mwembe. Mwaka 1941, alisema, watu walijaa hata wengine wakakaa juani. Mwaka 1943 walibaki watano. Mmoja katika hao alikuwa mama ambaye mwanawe alikwenda na jeshi ng'ambo. Mama yule hakuuliza habari za Stalingrad wala za Tunis. Kijana alipokwisha kusoma, alimwuliza neno moja tu: "Jina lake limo, mwanangu?" Naye akajibu, "Halimo, mama." Mwishowe mama naye akaacha kuja.

Katika swali la mama yule tunaona sababu ya kwanza ya uchovu. Karibu Waafrika 100,000 wa Kenya waliingia katika majeshi wakati wa vita. Walipelekwa Uhabeshi, Misri, Madagaska mwaka 1942, na tangu 1944 katika misitu ya Burma kupigana na Wajapani. Gazeti lilisimulia habari za majenerali na miji. Barua za askari zilipitia mikononi mwa wakaguzi, na mahali alipo mtu hapakuruhusiwa kutajwa. Habari zilikuwa nyingi, lakini ile iliyotakiwa nyumbani haikuwamo.

Sababu ya pili ni kwamba macho yaliona jambo na gazeti likanyamaza. Wajapani waliposhambulia Ceylon Aprili 1942, manowari nyingi za Waingereza zilihamishiwa Kilindini. Kila mchukuzi wa bandari ya Mombasa aliziona zimejaa majini, akajua kwamba zimekimbia jambo fulani. Siri ya vita ina haki yake, wala hatuwalaumu waliofunga midomo. Lakini mtu akiona kwa macho yake yasiyosemwa, huanza kuyatilia shaka hata yanayosemwa.

Sababu ya tatu ni tumbo. Mvua zilikosekana, na mwaka 1942 na 1943 njaa iliingia katika wilaya nyingi. Mahindi yalikuwa chini ya amri ya Serikali tangu 1942, na mkulima Mwafrika alilipwa bei ndogo kuliko jirani yake Mzungu. Nguo ziliadimika, ng'ombe walichukuliwa kwa chakula cha jeshi. Mwaka huo wa 1942 sheria iliruhusu Waafrika wachukuliwe kwa nguvu kufanya kazi katika mashamba ya Wazungu, kwa jina la kazi za lazima za vita. Wakati huo huo watu waliwaona mateka Waitaliani, waliotekwa na watoto wao, wakitengeneza barabara ya kuteremka bonde la Naivasha na kujenga kanisa dogo la Mai Mahiu. Nao walikuwa na posho yao. Mwenye njaa akiambiwa kwamba tunashinda, huuliza ni nani hao wanaoshinda.

Sababu ya nne ndiyo nzito kuliko zote. Watu walinyimwa habari zao wenyewe. Mei 1940 Serikali ilipiga marufuku Chama cha Kikuyu (K.C.A.), pamoja na chama cha Wakamba na cha Wataita, na viongozi wao wakawekwa kizuizini. Gazeti la Muigwithania, lililoanzishwa 1928 na kuhaririwa mwanzo na Jomo Kenyatta, likanyamazishwa. Kisha Agosti 1941 Churchill na Roosevelt walitangaza kwamba kila taifa lina haki ya kuchagua serikali yake. Waafrika waliosoma waliyashika maneno hayo kwa mikono miwili. Haukupita mwezi, Churchill akaliambia Bunge la Uingereza kwamba yaliwahusu hasa watu wa Ulaya walio chini ya Wadachi. Hapo hata mwenye kupenda magazeti aliliweka chini.

4. Uvumi ulipochukua kiti

Mtu akiacha kusikiliza hapati utulivu, kwa kuwa kiti cha habari hakikai kitupu; habari ikiondoka, uvumi huketi. Hasara yake iliwaangukia zaidi walio wanyonge, nasi twatoa mfano mmoja.

Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyokuwa imetoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldives. Ilizama kwa dakika chache, na watu zaidi ya 1,200 wakafa, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika ya Mashariki. Habari za meli zilizozama hazikutangazwa upesi katika vita vile. Watu waliokuwa wamekwisha kuacha kuamini habari za Serikali waliachwa kati ya kimya na uvumi, na mama asiyekuwa na barua hakujua amwombee mwanawe kama aliye hai au kama marehemu. Majina ya askari wale yamechorwa leo katika Makaburi ya Vita ya Nairobi, katika barabara ya Ngong. Tumekwenda kuyasoma. Ni marefu kuyapitia, na ubao uko kimya.

5. Hawakuchoka na habari zote

Wengine walidhani kwamba Mwafrika alichoka kwa sababu hana fikira za mambo makubwa. Historia yawakanusha. Oktoba 1944 Eliud Mathu aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria, Mwafrika wa kwanza kuketi humo, na mwaka huo huo chama kilichokuja kuitwa K.A.U. kilianzishwa. Mwaka 1945 Henry Muoria alianza gazeti lake Mumenyereri kwa Kikuyu, na Ramogi likawasomea Wajaluo kwa lugha yao. Watu wale wale waliokuwa wametawanyika chini ya mwembe walinunua magazeti hayo na kuyasoma kwa sauti, kwa sababu ndani yake walijiona.

Askari nao walirudi wamebadilika. Wengi walikuwa wamejifunza kusoma na kuandika jeshini, na kuona kwamba Mzungu naye huogopa na kufa. Waruhiu Itote alikuwa Burma. Bildad Kaggia alikuwa Mashariki ya Kati na Uingereza. Wote wawili wakaja kusimama katika siasa za nchi hii. Walikuta mpango wa mashamba umekwisha kutengenezwa tena kwa askari Wazungu, kama ule wa 1919. Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa waligoma mji mzima, na tarehe 20 Oktoba 1952 Hali ya Hatari ikatangazwa. Magazeti ya Waafrika yalipigwa marufuku kwa wingi, na kwa mara ya pili uvumi ukapewa kiti.

6. Yanayotupasa sisi

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba wafu wa vita vya kwanza wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba wengi wao walikuwa wa Afrika ya Mashariki na Misri. Swali la yule mama chini ya mwembe, "Jina lake limo?", lilikuwa limengoja jibu miaka zaidi ya mia kwa ndugu za wapagazi, na jibu lilikuwa lile lile.

Siku hizi habari za vita hazingoji juma. Tangu vita vya Sudani vilipoanza Aprili 2023 tumezipokea katika simu mfukoni, za kweli na za uongo pamoja, mpaka mtu akataka kuizima. Hatumlaumu. Lakini yaliyowapata wazee wetu yatuonyesha kwamba kuchoka ni jambo moja na kuacha kutafuta ukweli ni jingine. Aliyechoka na apumzike, kisha arudi aulize: aliyesema ni nani, aliona kwa macho yake, na watu wetu wametajwa au wamesahauliwa?

Yako pia mambo yaliyo katika uwezo wa Chama. Waliopigana katika vita vile wamekwisha kuondoka karibu wote, lakini masanduku yao yangaliko nyumbani. Kwa hiyo twawaomba wanachama wote, kabla ya mkutano mkuu ujao, walete ofisini barua, picha, medali na hati za kuachishwa jeshi zilizo mikononi mwa jamaa zao. Tutazinakili na kuzirudisha kwa wenyewe. Asiye na karatasi na alete jina tu, na kijiji, na jina la mama yake, kama anavyolijua. Tumefungua daftari kwa kazi hiyo, na hadi leo lina majina kumi na saba.

Wazee, twaomba radhi pale tulipokosea, sisi hatukuwako. Ninyi mliosikia kwa wenyewe tusahihisheni, maana daftari lingali na kurasa nyingi.

Wenu katika kazi ya Chama,
Karani