Kikao cha Wazee wa Mlima Meru: Historia Fupi

Tarehe 1 Oktoba dunia huadhimisha Siku ya Wazee. Sisi wa Njiro, Arusha, tuna taasisi yetu ya kuienzi siku hiyo, kongwe kuliko jiji la Arusha lenyewe: kikao cha wazee.

Kwa Wameru, wakazi wa Mlima Meru, kila ukoo ulikuwa na mshili, yaani kiongozi wake. Kwa Waarusha, waliohamia miteremko ya kusini-magharibi ya mlima miaka ya 1830, nguzo ilikuwa rika. Vijana waliotahiriwa kipindi kimoja walipanda ngazi pamoja, tangu umorani hadi uzeeni, wakiwa na laigwanani wao wa kuwasemea. Mtu hakuzeeka peke yake. Alizeeka na wenzake, akashauriana nao na kula nao.

Mwanaanthropolojia P. H. Gulliver aliishi na Waarusha miaka ya 1950, na mwaka 1963 akachapisha kitabu kuhusu walivyomaliza migogoro. Kikaoni hapakuwa na hakimu wa kumtia mtu hatiani. Kila upande ulikuja na watu wake, ukasema, ukasikilizwa, hadi lipatikane neno ambalo wote wangeweza kwenda nalo nyumbani. Wagomvi walibaki majirani. Hapo ndipo ilipo hekima ya taasisi hii.

Taasisi hii ilipitia misukosuko. Wajerumani, kisha Waingereza, walitawala kupitia wakuu waliowatambua wao. Mwaka 1951 Wameru wapatao 3,000 walifukuzwa Ngare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Wameru walikuwa wameshajifunza kukaa na kukubaliana: wakaunda umoja wao, wakachanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa, New York, kuwasemea. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ilifuta uchifu. Washili na malaigwanani hawakutoweka; hadi leo huitwa panapotokea ugomvi wa mpaka, mirathi au ndoa.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na kuendelea, na mabaraza ya wazee yakaanza kuundwa nchini. Kwa mtaa kama Njiro, ambako mashamba yamegeuka makazi ya watu wa kila mkoa, baraza limepanua mlango. Kikao cha rika kilikuwa cha wanaume na cha kabila; baraza ni la bibi na babu, mwenyeji na mhamiaji.

Upanuzi huo ni mzuri, ila mji unameza viwanja, na nyumba zenye kuta ndefu zinawafungia wazee ndani. Viongozi wa mitaa, watengeeni wazee mahali pa kukutana kabla eneo la mwisho halijauzwa. Nanyi vijana, siku ya kikao mpelekeni mzee wenu, mkae, msikilize.