Wabarabaig wa Hanang
Wabarabaig ni wafugaji wa jamii ya Wadatoga, wanaoishi kuuzunguka Mlima Hanang, mkoani Manyara. Ng'ombe wao walihamishwa kwa zamu kufuata mvua na majani, na malisho bora yalikuwa nyanda za Basotu. Tangu miaka ya 1970 shirika la umma NAFCO, likisaidiwa na Kanada, lilitwaa takriban ekari 100,000 kwa kilimo cha ngano. Njia za mifugo zikafungwa. Hata makaburi ya wazee, mahali pa ibada, yakapitiwa na trekta. Wanakijiji wa Mulbadaw waliishtaki NAFCO na kushinda kesi katika Mahakama Kuu, lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ilitengua ushindi huo kwa kukosa uthibitisho wa umiliki. Uamuzi huo uliwaumiza wenye ardhi.