Mji Uliosingiziwa Majini



Huko Ghuba, kusini ya mji wa Ras al-Khaimah, pana mji mkongwe uitwao Jazirat al-Hamra, yaani Kisiwa Chekundu. Zamani maji yakijaa ulikuwa ukizungukwa na bahari. Siku hizi umeungana na bara. Nyumba zake ni za matumbawe kama za kwetu Lamu na Mombasa, na dari zake zilishikwa na boriti za mikoko zilizopakiwa majahazini kutoka pwani yetu hii. Kuta zipo, misikiti ipo, wenyewe wamehama.

Watu husema mji huo umekaliwa na majini. Husimuliwa sauti za usiku na alama za mikono ukutani, na vijana huenda huko kiza kikiingia kujaribu ushujaa wao. Ghuba nzima, tena, ina khabari za Umm al-Duwais, mwanamke mzuri anukiaye, mwenye kuwavuta wanaume wakware kwenye maangamizo. Nasi tuliolelewa pwani twamjua mwenziwe, yule mwenye kwato za punda!

Kuwapo kwa majini hatukukanushi. Qurani Tukufu ina sura nzima yenye jina lao. Lakini je, ndio waliouhamisha mji ule? Hasha.

Wenyeji wake, kabila la Za'ab, walitegemea lulu. Kila majira ya joto wanaume walikwenda kuzamia muda wa miezi minne hivi, na wengi walikuwa wamekwisha kukopa kwa nahodha kabla ya kung'oa nanga, ili watoto wapate kula nyuma yao. Aliyekosa lulu alirudi na deni shingoni. Kisha Wajapani, akiwamo Kokichi Mikimoto, wakafaulu kuotesha lulu, na katika miaka ya 1920 zikaenea masokoni. Ikafuata dhiki ya biashara ya mwaka 1929. Lulu ya Ghuba ikaanguka. Mwisho, mwaka 1968, baada ya kukhitilafiana na mtawala wa Ras al-Khaimah, wengi wao walihamia Abu Dhabi.

Basi tuzingatie. Ni wepesi kutaja majini kuliko kutaja deni na ugomvi, kwani jini haliwezi kuulizwa, bali deni na ugomvi vina wenyewe. Na nyumba zile pia zina wenyewe, ambao wajukuu wao wako hai.

Nasi tunayo mahame yetu: Takwa, Gede, Songo Mnara. Mtoto wako akikuuliza ni nani waliokaa pale, usimtishe kwa jini ukanyamaza. Mwambie kuwa walikuwa Waislamu kama sisi, walichimba visima vile, wakasujudu mbele ya mihrabu ile. Kisha mfundishe kuwaombea dua, maana wafu wetu wanahitaji dua zetu, hawahitaji khofu yetu.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia. Amin.