Kuoga Mtoni na Haya ya Adamu

Katika vijiji vya kandokando ya mto kama Lumuma, wilayani Kilosa, kuoga uchi mtoni hakukuhesabiwa aibu, mradi wanaume wawe na mahali pao na wanawake pao. Misheni ilitufundisha kuitilia shaka desturi hiyo. Kumbe huko Ujerumani, mwaka 1898, wapenda kuota jua uchi walikwisha kuunda chama chao mjini Essen! Lakini twalitazame Kanisa la kale. Katika karne ya 4 Kirilo wa Yerusalemu aliwakumbusha waliobatizwa kwamba walivua nguo zote pasipo kuona haya, mfano wa Adamu bustanini. Nako Shamu, tangu karne ya 3, wanawake walipakwa mafuta ya ubatizo na mashemasi wa kike, wasionekane na wanaume. Twaona utaratibu huo ni jirani sana na ule wa mtoni.