Mzinga wa Ngoma na Safari za Wazigua

Msafiri atokaye Korogwe kwenda Handeni leo hupita kilomita zipatazo 65 za lami, na mzigo wake, uwe gunia la mahindi ama spika za harusi, umefungwa juu ya gari. Zamani njia hiyo ilikuwa ya miguu, na kipimo cha mzigo kilikuwa ni kichwa cha mpagazi. Katika misafara ya karne ya 19 mzigo wa mtu mmoja aghalabu ulikuwa ratili 60 hadi 70, yaani takriban kilo 30. Kilichozidi hapo kiligawanywa, au kilining'inizwa kwenye mti na kuchukuliwa na watu wawili mabegani. Nguo hugawanyika, shanga hugawanyika, chumvi hugawanyika. Ngoma kubwa haigawanyiki. Mzinga wake umechongwa kutokana na gogo moja, na ukipasuliwa ili ubebeke, kinachobebwa ni kuni.

Reli ilipoanza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893 ilibadili hesabu hiyo, lakini kwa upande mmoja tu. Ilifika Muheza mwaka 1896, Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Handeni haikuifikia kabisa. Tangu hapo chombo kizito kiliweza kupakiwa behewani Tanga na kuteremshwa Korogwe bila ya shingo ya mtu kuumia. Huo ndio wakati ambapo beni, pamoja na vyama vyake vya Marini na Arinoti, ilikuwa ikivuma pwani kwa matarumbeta na madramu ya mtindo wa kijeshi. Tarumbeta haichongwi kijijini. Hununuliwa mbali, husafirishwa, na ikipondeka njiani ndiyo hasara.

Watu wa visiwani wanaijua vyema hali hiyo. Yasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Cairo akajifunze kanuni, na Ikhwani Safaa ilipoundwa mwaka 1905 ala zake nazo ziliagizwa kutoka Misri. Kanuni, ijapokuwa na nyuzi zaidi ya sabini, huchukulika kwapani. Dabalbesi, iliyoingia baadaye katika taarab, ni habari nyengine: inamzidi kimo mpigaji wake, na shingo yake huvunjika kwa urahisi. Kwa sababu hiyo vikundi vingi viendavyo ng'ambo kwa ndege huiacha nyumbani na kukodi nyengine huko vifikako. Mpigaji basi hupanda jukwaani na chombo asichokizoea, na msikilizaji hana habari.

Lakini besi ya kukodi hupatikana katika kila mji mkubwa wa Ulaya. Ngoma ya Kizigua hupatikana wapi ya kukodi?

Suala hili Wazigua walilikabili mapema, kabla ya ndege na kabla ya reli. Katika miaka ya 1830 ukame na njaa kali viliikumba nchi yao, ambayo ndiyo Handeni ya leo pamoja na sehemu za Korogwe na Pangani. Wengi walishuka pwani wakitafuta chakula. Masimulizi yao wenyewe husema kwamba walihadaiwa: waliahidiwa kazi na riziki, wakapakiwa majahazini, na waliposhushwa Barawa, Marka na Mogadishu walijikuta ni watumwa. Mtu mwenye njaa hashuki pwani na mzinga kichwani, na mfanyabiashara wa watumwa hampi nafasi ya kuupakia. Waliwasili Banadiri mikono mitupu.

Baadhi yao walitoroka mashambani na kukimbilia misitu ya chini ya mto Juba. Mapokeo yanamtaja mwanamke mwaguzi, Wanankhucha, kuwa ndiye aliyewaongoza. Huko katika nchi ya Gosha walikata miti, wakachonga mizinga na kuwamba ngozi upya. Zaidi ya hayo, waliziendeleza taratibu za ngoma ziitwazo mviko, ambazo urithi wake hupita upande wa akina mama. Hapa panafaa kutuliwa kidogo. Kilichorithiwa katika mviko ni haki ya kuichezesha ngoma, nyimbo zake na siri zake. Na haki hiyo haina uzito, wala haihitaji nafasi ndani ya jahazi. Waandishi wa makumbusho, waliozoea kuipima ngoma kwa urefu na kuipa namba, hawajalitia maanani sana jambo hilo. Kwao ngoma ni kitu. Kwa Kiswahili, neno hilo hilo ni chombo, na uchezaji, na mkusanyiko wa watu wanaocheza. Viwili katika hivyo vitatu havipakiwi.

Vita vya Somalia vya mwaka 1991 viliwatoa tena. Wengi walitembea hadi kambi za Dadaab, Kenya. Mwaka 1999 Marekani ilikubali kuwapokea takriban 12,000 miongoni mwa wale walioitwa Wabantu wa Somalia, ambao ndani yao wamo Wazigua pamoja na wazao wa Wayao, Wamakua na wengineo. Mwaka 2002 walihamishiwa Kakuma, na tangu mwaka 2003 wakaanza kurushwa kwa ndege.

Ndege nayo ina kichwa chake cha mpagazi. Mashirika mengi hukubali begi la kilo 23, ambalo urefu, upana na kimo chake vikijumlishwa havizidi sentimita 158. Zito zaidi hulipiwa, na mkimbizi hana cha kulipia. Marekani ilitunga sheria mwaka 2012 ya kuwalinda wanamuziki, na kanuni zake zikaanza kutumika Machi 2015: ala ndogo iruhusiwe ndani kama nafasi ipo, kubwa iruhusiwe hata ratili 165, mradi mwenyewe ainunulie kiti. Ni sheria njema kwa mwenye selo. Ilichelewa kwa miaka kumi na zaidi kuwafaa watu wa Kakuma, na hata ingewahi, ni nani kati yao angeinunulia ngoma kiti?

Tena ipo ngozi. Mwaka 2006 mtengeneza ngoma mmoja wa New York aliugua kimeta baada ya kuvuta vumbi la ngozi mbichi alizokuja nazo kutoka Côte d'Ivoire. Aliokoka, lakini tukio hilo lilizidisha hofu ya ngozi zisizotiwa dawa, na maofisa wa forodha wana haki ya kuzichukua na kuziteketeza. Ngoma inayopatikana kwa wepesi katika maduka ya Marekani ni ile ya Afrika Magharibi, djembe, ambayo jina lake kwa sikio la Mzigua ni zana ya shambani. Ni ngoma nzuri, ila haina sauti nzito ya mzinga mrefu. Na hata huo mzinga ukifika salama, ngozi ikilegea hutaka kuoteshwa moto, jambo ambalo wenye nyumba za kupanga hawalipendi.

Wengine hawakupanda ndege. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 walishuka kwa mashua kufuata pwani hadi Tanga, wakapelekwa kambi ya Mkuyu, Handeni, na mwaka 2003 wakafunguliwa makaazi ya Chogo katika wilaya hiyo hiyo. Wenyeji waliwasikia wakisema Kizigua, chenye maneno ambayo vijana wa Handeni walikuwa wameyaacha. Serikali ya Tanzania ikaanza kuwapa uraia. Nao walikuja bila mizinga, kama wazee wao walivyokwenda. Chogo wakati huo ilikuwa bado ni pori, na miti ilikuwa karibu.