PAIN si mukate: maneno ya Kiingereza ya herufi 4 yenye A, I na N

Kwa mutu aliyesoma katika Kivu, Ituri ao Tanganyika, herufi P-A-I-N zinasema mukate. Ndivyo Kifaransa kinavyofundisha tangu shule ya musingi. Lakini zikiwa kwenye sanduku la dawa lililotoka Kampala ao Dar es Salaam, herufi hizo nne hazina mukate ndani yake: kwa Kiingereza, "pain" ni maumivu.

Jambo hilo linagusa wakaaji wengi juu bidhaa nyingi za mashariki ya Kongo zinapitia Kasindi, Mahagi, Goma, Bukavu ao Kalemie, na katoni zake zimeandikwa Kiingereza. Uganda na Tanzania zilitawaliwa na Waingereza. Rwanda iliamua mwaka 2008 kwamba masomo yatolewe kwa Kiingereza. Kongo yenyewe iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini Kifaransa kimebaki lugha ya serikali na ya darasa. Kwa hiyo mutu anasoma neno la Kiingereza kwa macho ya Kifaransa, na maneno mafupi ya herufi 4 yenye A, I na N ndiyo yanamudanganya haraka, juu anafikiri anayajua tayari.

PAIN linatamkwa "pein". Wanormandi wa Ufaransa waliivamia Uingereza mwaka 1066 wakaitawala, na maelfu ya maneno ya Kifaransa yakaingia katika Kiingereza. Hili ni moja lao, lakini ndugu yake wa Kifaransa si "pain", ni "peine". Yote mawili yanatoka kwa neno la Kilatini lenye maana ya adhabu. Mukate wa Kifaransa uko na asili ingine kabisa, neno la Kilatini "panis". Ni sura tu ndiyo imefanana.

Kwenye sanduku, "pain relief" ni kupunguza maumivu. "Painkiller" inatisha wale wanaojua kwamba "killer" ni muuaji, kumbe ni dawa ya kutuliza maumivu tu. Hatari zaidi iko kwenye karatasi inayokunjwa ndani. Mufano ni "stomach pain". Neno la kwanza linafanana na "estomac" ya Kifaransa, la pili linaonekana kuwa mukate, na mutu anaweza kuamini kwamba ameambiwa ale mukate mbele ya kumeza dawa. Maana yake ni maumivu ya tumbo. Kwa dawa kama ibuprofen, inayoweza kuumiza tumbo, maneno hayo ni onyo: ukisikia maumivu hayo, acha kumeza na umuone muganga. Vilevile "chest pain" ni maumivu ya kifua, na hiyo si ya kungojea kesho.

Kuna njia rahisi ya kuhakikisha. Masanduku mengine yameandikwa lugha mbili. Upande wa Kifaransa utafutwe neno "douleur". Kama halipo, yaangaliwe maneno madogo ya kando: "the", "and", "of" na "for" yanaonyesha kwamba ni Kiingereza, na hapo mukate usahauliwe. Kiasi cha kumeza kisikisiwe hata siku moja; mwenye farmasi yuko pale kwa kazi hiyo.

MAIN linafuata kwa hatari. Kwa Kifaransa ni mukono. Kwa Kiingereza, kinachotamka "mein", ni kitu kikuu: "main road" ni barabara kubwa, "main market" ni soko kuu. Kwenye sanduku la umeme, swichi yenye MAIN ndiyo inakata moto wa nyumba nzima, na ndiyo ya kushusha mbele ya mutu kugusa waya. Likiongezewa S, kwenye inverta za sola, "mains" ni umeme wa laini, tofauti na ule wa batri. Taa ya "mains" ikizimika, maana yake laini imekatika, mashine haijaharibika.

GAIN na VAIN hayana shida, juu Kiingereza kiliyachukua kwa Kifaransa pamoja na maana yake. "Gain" ni faida ao ongezeko: kwenye karatasi ya kupima mutoto, "weight gain" ni kuongezeka kwa kilo. "Vain" ni bure, na "in vain" ni sawasawa na "en vain". Tofauti moja tu: Kiingereza kinamuita "vain" pia mutu mwenye kujiona, na si sifa nzuri.

RAIN ni mvua, na "raincoat" ni koti la mvua. NAIL ni musumari na pia ukucha, kwa hiyo katoni ya "nails" inaweza kuwa ya fundi seremala ao ya saluni. Uzito wake utasema. Yako na mengine, kama LAIN, FAIN na WAIN, lakini hayo hayaonekani sokoni. "Wain" ni gari la zamani la kukokotwa na wanyama, na siku hizi linawafaa zaidi wachezaji wa Scrabble.

Ukiongeza herufi moja, maneno yanakuwa mengi: "grain" ni nafaka, "brain" ni ubongo, "chain" ni munyororo. La kuchunga ni PAINT, rangi ya kupaka ukuta. T moja tu inalitofautisha na maumivu, na kwenye kopo lililochakaa njiani, T hiyo inaweza kufutika.